Bati, Jua na Mvua: Kuchagua Kizuia Joto cha Darini Kampala

Saa tisa alasiri ya mwezi wa Februari, ingia kwenye muzigo wowote wa Bwaise au Kireka. Muzigo ndivyo tunavyokiita hapa Kampala chumba kimoja cha kupanga: matofali pande nne, bati juu, na kati ya bati na utosi wako hamna kitu. Simama katikati ya chumba, inua mkono juu ya kichwa, geuza kiganja kitazame bati, kisha hesabu hadi kumi. Kiganja kitapata moto kana kwamba umekisogeza kwenye sigiri, huku mgongo wa mkono, unaotazama sakafu, ukiwa umepoa. Hewa iliyouzunguka mkono ni ileile juu na chini, kwa hiyo si hewa iliyokuchoma. Ni bati lenyewe linalokurushia joto, kama makaa yanavyomfikia mtu aliyekaa hatua mbili mbali nayo.

Nimeanza na jaribio hilo kwa sababu aliyelifanya hababaishwi tena dukani. Mawaidha mengi ya vizuia joto vya darini yaliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako shida ni moto wa jiko kutorokea juu usiku wa theluji. Huko dawa ni blanketi nene. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, tukajifunika shuka na kulala. Adui yetu ni jua la mchana, na wa pili ni kishindo cha mvua. Tuko karibu kabisa na ikweta. Jua la adhuhuri halisimami mbali na utosi mwaka mzima, na mwezi wa Machi na wa Septemba linapita juu ya kichwa moja kwa moja. Kwa hiyo kuta hupata jua la pembeni la asubuhi na jioni, lakini paa ndilo linalopigwa mchana kutwa.

Tupige hesabu ndogo. Jua la adhuhuri angani pakiwa peupe huleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha futi 10 kwa 12 kina mita za mraba 11. Hiyo ni sawa na kupanga pasi kumi na moja za umeme juu ya paa la chumba kimoja na kuziwasha zote. Bati jipya hurudisha sehemu ya joto hilo angani. Bati lililoshika kutu au lililopakwa rangi ya giza hunywa sehemu kubwa yake, na likiiva hupita nyuzi 60 bila shida.

Sasa joto hilo linakufikiaje? Hewa ya moto hupanda, haishuki. Iliyogusa bati kwa chini hubaki kulekule juu. Kinachoshuka kukutafuta ni mionzi, ileile iliyokichoma kiganja chako. Hapo ndipo penye jambo zima la makala haya: hapa kwetu anza kwa kuurudisha mwonzi, kisha uipe hewa ya moto njia ya kutokea, na unene uje mwisho. Wengi huanza na unene, wakalipa pesa nyingi kwa nafuu ndogo.

Bati lenyewe

Kama hujaezeka bado, uamuzi wenye faida kubwa kuliko yote hauongezi hata shilingi. Chagua rangi nyepesi. Pita Najjera au Kira utazame mapaa mapya: maruni, kijani kibichi cha msituni, kijivu cha mkaa. Yanapendeza kwa macho, lakini kila moja ni sufuria iliyofunikwa. Nyeupe, krimu au fedha isiyopakwa rangi hupunguza joto kabla halijaingia, na joto ambalo halikuingia halina haja ya kuzuiwa.

Watu huniuliza kama bati nene ni baridi zaidi. Jibu ni hapana. Kwanza kumbuka geji huhesabiwa kinyume: geji 30 ni jembamba kuliko 28, na 28 ni jembamba kuliko 26. Nunua nene kwa sababu ya upepo, mvua ya mawe, na fundi atakayelikanyaga kesho. Kwa joto, chuma ni chuma. Moto hupita kwenye nusu milimita ya chuma kwa urahisi uleule unaopita kwenye robo.

Ukiwa na bati la zamani, lipake rangi nyeupe. Lisugue kutu kwa brashi ya waya, lioshe likauke, tanguliza rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya bati la zinki, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya nje. Rangi safi ya namna hiyo hurudisha hadi asilimia 70 au 80 ya jua. Usishawishike kupaka chokaa kwa kuwa ni rahisi kwa bei; chokaa mbichi hula zinki, na baada ya misimu michache utakuwa umenunua matundu. Na ujue kwamba vumbi letu jekundu la murram halisamehe paa jeupe. Nyumba iliyo kando ya barabara isiyo na lami itahitaji kuoshwa paa kila mwisho wa kiangazi, mvua za Machi zisikute tope lililogandamana.

Vigae vya udongo ni habari nyingine. Kiwanda cha Uganda Clays pale Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, kimevifyatua tangu 1950, na nyumba nyingi za zamani za Kololo na Entebbe bado zinaishi chini ya vigae. Kigae huchelewa kupata moto, na nafasi ndogo kati ya kigae na kigae huacha paa lipumue. Lakini uzito wake ni takriban mara kumi ya bati, kwa hiyo usivipandishe juu ya makenchi yaliyopigwa kwa ajili ya bati. Anayejenga upya na ana uwezo asiviache bila kuvifikiria.

Foili

Baada ya rangi, kitu kinachoikabili mionzi kuliko vyote ni karatasi ya aluminiamu, ambayo mafundi wetu huiita foili. Uso wa aluminiamu unaong'aa hurudisha takriban asilimia 95 ya mionzi ya joto, na wenyewe ukipata moto hutoa asilimia kama tano tu. Ni nyepesi, mtu mmoja hubeba roli begani, na huhitaji kuimarisha mbao kwa ajili yake.

Ina sharti moja tu, na ni sharti linalovunjwa kila siku: uso unaong'aa lazima utazame hewa. Uupe uwazi usiopungua sentimita 2.5, na ukiweza sentimita 5. Foili iliyobanwa katikati ya vitu viwili inageuka kuwa kipande cha chuma kama bati, na chuma hupitisha moto.

Nilijifunza hilo kwa pesa yangu. Fundi mmoja aliniwekea foili yenye uso mmoja unaong'aa, akaugandisha uso huo kwenye bati, na mgongo wa karatasi ya kaki ukatazama chumba. Ilionekana nadhifu. Februari ilipofika nikanyoosha kiganja, nikakuta moto uleule. Niliibandua yote, nikaigeuza uso ukatazama chini, nikaipigilia chini ya mbao za paa ili hewa iwe juu yake na chini yake. Alasiri ya siku ileile kiganja kilijibu tofauti. Foili ni ileile, paa ni lilelile. Kilichobadilika ni upande na nafasi.

Mtu hujiuliza, uso ung'ae juu au chini? Kama foili yako inang'aa pande zote mbili, hakuna la kuuliza. Kama ni upande mmoja, utazame chini. Uso unaotazama juu hukusanya vumbi, na vumbi likishajaa halirudishi kitu. Ndiyo sababu sipendi ushauri wa kuitandaza foili juu ya mbao za dari kama shuka: mwaka wa kwanza ni kioo, mwaka wa tatu ni sakafu ya murram.

Anayejenga upya ana njia rahisi kuliko zote. Makenchi yakisimama, tandaza foili juu yake ukianzia chini kwenye ukingo wa paa ukipanda kwenda juu, kila safu ipande juu ya iliyo chini yake kwa sentimita 10, iache ilegee kidogo. Pigilia papi juu ya foili, halafu bati juu ya papi. Unene wa papi ndio unaokuwa uwazi wako. Utapata faida ya pili: alfajiri, bati lililopoa usiku kucha hutoa jasho kwa ndani, na matone hayo badala ya kudondokea dari yatateleza juu ya foili hadi kwenye gata.

Dukani, usinunue kwa maneno. Iinue foili utazame taa kupitia kwake; ukiona matundu mengi ya mwanga au plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, irudishe. Ile yenye viputo vya hewa katikati husifiwa kwa unene wake, lakini nusu sentimita ya viputo haiongezi mengi. Kazi hufanywa na uso na uwazi. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, toka nacho nje, kishike kwa koleo na ukiwashe kwa kiberiti. Kinachojizima moto ukiondolewa kinafaa. Kinachoendelea kuwaka na kudondosha matone ya moto usikiweke juu ya kitanda cha mtoto.

Na hesabu eneo la paa, si la sakafu. Paa lenye mteremko wa nyuzi 30 ni kubwa kuliko sakafu yake kwa asilimia 15, kabla hujahesabu vibaraza. Roli ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 50 husemwa ni mita za mraba 60. Ukitoa sentimita 10 za kupandishana, zinabaki 55.

Umeme na saa ya kazi

Hapa nitasimama kidogo, maana kuna roho za watu. Mwaka 2009 Australia ilianzisha mpango wa serikali wa kulipia vizuia joto vya darini katika nyumba za wananchi. Kazi zikaja kwa wingi, vijana wakaajiriwa kwa haraka, na kati ya 2009 na 2010 mafundi wanne vijana wakafariki kazini. Watatu walipigwa na umeme. Wa nne aliuawa na joto la darini lenyewe. Februari 2010 serikali ikaipiga marufuku foili katika mpango huo, na mpango wote ukasimamishwa.

Foili si mbaya kwa asili yake, ila ni chuma. Msumari mmoja wa stepla ukichoma waya wa umeme, paa zima linakuwa na umeme. Na darini kwetu nyaya nyingi hazimo ndani ya mabomba, panya wamezitafuna, na viungo vimefungwa kwa utepe tu. Kwa hiyo zima swichi kuu, siyo swichi ya taa, kabla mtu hajapanda. Nyaya ziingizwe kwenye mabomba kwanza, foili ije baadaye. Usitumie stepla ya chuma mahali usipoona kilicho nyuma ya mbao.

Kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi na ikome saa tatu. Hili usilijadili na fundi anayetaka kumaliza siku moja. Darini saa saba mchana si mahali pa binadamu, na anayezidiwa na joto huko juu haanguki mbele ya macho ya watu.

Mikeka, pamba na povu

Sasa ndiyo tuje kwenye unene. Anayetaka kuona wazee wa Buganda walivyolijua jambo hili aende Kasubi. Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba iliyojengwa mwaka 1882 kama jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza na kugeuzwa kaburi lake mwaka 1884, imeezekwa kwa nyasi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka hadi karibu na ardhi, na ndani yake pete 52 zinashikilia paa, pete kwa kila ukoo. Nyasi hazizuii joto kwa ugumu wake. Zinazuia kwa hewa iliyonaswa kati ya unyasi na unyasi. Kila kizuia joto cha unene duniani, kiwe cha kiwanda au cha shamba, ni hewa iliyofungwa isitembee. Lakini tarehe 16 Machi 2010 jumba hilo liliungua kwa usiku mmoja, na kulijenga upya kulichukua miaka mingi. Yote mawili ukayakumbuke unapochagua.

Mkeka wa mafunjo ni jamaa wa nyasi zile. Mafunjo, au bitoogo kwa Kiganda, humea kwenye mabwawa yanayouzunguka mji, Lubigi na mengine, na bua lake ndani ni kama sifongo iliyojaa hewa. Kwa mpangaji wa muzigo sijaona kinachoushinda kwa bei. Funga waya mbili tatu kutoka ukuta hadi ukuta, shubiri moja chini ya bati, ulaze mikeka miwili juu yake ikipishana mishono. Acha nafasi ya vidole vinne kwenye kuta mbili zinazotazamana, hewa ya moto ipate pa kutokea. Hujatoboa kitu cha mwenye nyumba, na siku ya kuhama unaikunja unaondoka nayo. Ukipata foili, itandaze juu ya mkeka uso ukitazama bati, na kila baada ya miezi mitatu ipanguse kwa kitambaa, kwa kuwa unaifikia.

Ila mkeka unashika moto. Sigiri isiwashwe ndani ya chumba hicho hata siku moja. Na hata bila mkeka isiwashwe, maana moshi wa makaa usioonekana unaua watu usingizini. Tadooba, yaani koroboi, iondoke. Taa ndogo ya sola ichukue nafasi yake. Balbu isiguse mkeka. Anayeweza kuchovya mikeka kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki na kuianika kabla ya kuitundika, afanye hivyo. Dawa hiyo huupunguzia moto kasi na wadudu huikimbia.

Pamba ya kioo na pamba ya mwamba haziwaki, na kwa joto ni nzuri, ila kwa hali yetu mimi huzinunua kwa sababu nyingine: masikio. Nitalifikia hilo. Unene wa sentimita 5 unatosha Kampala. Anayekuuzia sentimita 20 anakuuzia majira ya baridi ya nchi nyingine. Fundi avae mikono mirefu, glavu, miwani na barakoa, kwa kuwa nyuzi zake huwasha ngozi na koo. Adui wa pamba ni maji. Ikilowa hewa inatoka, inalala kama godoro lililokojolewa, na unyevu wake unaozesha mbao. Kwa hiyo kabla ya pamba, ziba kila tundu la msumari. Chagua mchana wa jua, panda darini, mtu afunge kifuniko nyuma yako, ukae gizani dakika tano. Kila tundu litajionyesha kama nyota. Liwekee alama kwa chaki.

Povu jeupe la polistireni, lile linalokuja na friji mpya, huuzwa pia kwa vibao. Maji hayaliharibu na mchwa hawalili, ingawa sisimizi hujichimbia makazi humo. Kasoro yake ni moto: huyeyuka, hudondoka likiwaka, na moshi wake mweusi hufunga pumzi. Likifunikwa kwa jipsamu chini yake, sawa. Likiachwa wazi juu ya sebule, la. Kuna pia bati lililokwisha kugandishwa na povu kiwandani, bati juu na chini, kama mkate wenye siagi nene. Linafanya kazi vizuri sana, na ni ghali. Linafaa zaidi kwa anayejenga duka au kliniki kuliko kwa nyumba ya kwanza.

Maganda ya mpunga na ya kahawa hushauriwa mara kwa mara kwa kuwa hupatikana karibu bure. Mimi sishauri. Huzama na kushikana, hualika panya na wadudu, na vumbi lake huchuja kupitia kila ufa wa dari.

Onyo moja kwa aliyenunua nyumba ya miaka ya 1950 au 1960. Ukikuta paa au dari ya vibao vya kijivu vigumu kama saruji vyenye nyuzi ndani, simamisha kazi. Huenda ni asibesto. Ikitulia haina haraka, lakini ikikatwa, kutobolewa au kuvunjwa hutoa nyuzi zisizoonekana zinazoleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Usimwachie fundi wa kawaida, wala usivitupe vipande shimoni. Uliza mamlaka ya mazingira namna ya kuiondoa.

Kishindo cha mvua

Mvua zetu mbili, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba, hazinyeshi kwa upole. Mwalimu wa darasa la bati huweka chaki chini na kungoja. Mama aliye kwenye simu hutoka kwenda barazani. Mtoto mchanga huamka.

Foili haisaidii hapa hata kidogo, na ni vema ujue kabla hujalipa. Sauti huzuiwa na uzito na ulaini vikishirikiana. Uzito ni dari ya jipsamu; ulaini ni pamba iliyolazwa juu yake. Kimoja bila kingine hufanya nusu ya kazi. Ukimudu chumba kimoja tu, fanya cha kulala. Na kabla ya pamba, panda ukague bati lilivyoshikwa: bati lililolegea linatetemeka kama ngoma, na misumari michache mipya yenye mpira, iliyopigwa kwenye mgongo wa bati na siyo kwenye bonde, hupunguza kelele kwa gharama ya soda mbili.

Jipsamu ina udhaifu wake. Tone moja la kila siku huiachia duara la kahawia, na msimu wa pili kipande hudondoka. Bafuni na jikoni weka mbao au vibao vya saruji. Mbao zinazouzwa Ndeeba ni nzuri kwa dari, ila ziwe kavu na zimetiwa dawa ya mchwa. Mbao mbichi zitajikunja kabla ya Krismasi. Dari ya plastiki husafishwa kwa kitambaa na haiogopi maji, lakini ikiwa chini ya bati la rangi ya giza bila foili, hupinda.

Hewa, mbu na popo

Hata foili ikiwa sawa, hewa iliyokaa chini ya bati itapata moto. Ipe mlango. Nenda Entebbe uzitazame nyumba za zamani za maofisa: kila ncha ya paa ina dirisha dogo la mbao za mlazo, na chini ya ukingo kuna matundu. Hewa baridi huingia chini, ya moto hutokea juu, bila feni wala umeme. Siku hizi tunaziba pote kwa fisha bodi na saruji, kisha tunanunua feni.

Fungua matundu, lakini kila tundu lipate wavu. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Utafiti uliofanyika Farafenni, Gambia, na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba dari ya wavu peke yake ilipunguza sana mbu waingiao nyumbani, na watoto wa nyumba hizo walipatwa na upungufu wa damu mara chache kuliko wenzao. Dari yako ya kuzuia joto huzuia malaria pia, ikizibwa vizuri kwenye kuta.

Wavu huohuo huwazuia popo. Wale wakubwa waliofanya bonde moja la mjini liitwe Bat Valley hulala mitini na hawana haja na dari yako. Wanaoingia ni wadogo, walao wadudu, na tundu la sentimita moja na nusu linawatosha. Kinyesi chao huozesha mbao na kutia harufu mbaya nyumba nzima. Wakishaingia usiwafungie ndani. Subiri magharibi watoke, tazama wametokea wapi, hakikisha hakuna vitoto vilivyobaki, ndipo uzibe. Wanakula mbu wengi, wape nafasi nje.

Ukikaa ghorofa ya juu kabisa chini ya zege badala ya bati, mambo yanageuka: zege hunywa joto mchana na kulitoa usiku, saa unayotaka kulala. Hapo foili ya ndani haifiki mbali. Omba mwenye jengo alipake paa rangi nyeupe kwa juu.

Nikilazimishwa kuwapangia watu pesa zao, mpangaji aanze na mikeka. Mwenye nyumba iliyokwisha aanze na rangi nyeupe na matundu ya hewa, foili ifuate, na pamba juu ya chumba cha watoto. Anayejenga achague bati la rangi nyepesi na aweke foili chini ya papi siku ileile ya kuezeka, kwa sababu siku nyingine yoyote itamgharimu mara mbili.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi salio lote. Acha sehemu yake hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe. Siku ya pili yake, asubuhi na mapema, pandeni pamoja darini na tochi. Tazameni foili ilipolegea, pamba ilipolowa, waya uliofunuliwa, mbao yenye doa jipya. Kisha ungoje siku ya jua, saa tisa alasiri, simama katikati ya chumba na uinue kiganja.